Siku Tatu Bila Mashine

Watu wengi niliowajua katika chumba cha mashine za kusafisha damu hawakufa kwa figo. Figo zao zilikwisha kufa zamani, na wao wakaendelea kuishi: wakaoza mabinti, wakajenga, wakagombana na wapangaji. Kilichowaondoa ni moyo. Matangani husemwa tu kwamba marehemu alikuwa na figo, yakaisha hapo, kwa hiyo hata sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya nje miaka nenda miaka rudi tulichelewa kuliona. Tulichangiwa figo, tuliombewa figo, tuliulizwa hali ya figo. Moyo hakuna aliyeutaja.

Mume wangu alikuwa fundi wa kanzu Likoni. Presha ndiyo iliyomla figo, presha ya miaka mingi aliyoitibu kwa msimu: kichwa kikiwa kizito anameza vidonge, akipata nafuu vinabaki kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Alipoanza kusafishwa damu alipangiwa Jumanne na Ijumaa, muda wa saa nne kila mara, katika hospitali moja ya kisiwani Mombasa. Mara mbili kwa wiki ndizo bima ya taifa, NHIF ya wakati ule, ilizokubali kulipia. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki bila likizo. Yeye alipewa nane.

Saa zile nane nilizielewa. Zilizonisumbua ni zile nyingine. Baina ya Jumanne na Ijumaa kuna siku mbili katikati. Baina ya Ijumaa na Jumanne ziko tatu. Baada ya mwaka hivi nikaanza kuona kwamba simu za msiba hazikuja ovyo. Ijumaa usiku hazikuja, Jumamosi kwa nadra. Zilikuja Jumatatu, au alfajiri ya Jumanne yenyewe, mtu akiwa ameshaandaliwa shuka na chai ya kwenda nayo. Tukifika tunakuta kiti chake kimekaliwa na mgeni, na mgeni hajui amekalia kiti cha nani.

Nilimwuliza daktari, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Alisema Wamarekani wameshalihesabu jambo hilo: mwaka 2011 Robert Foley na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 32,000 waliokuwa wakiingia mashine mara tatu kwa wiki, na wakakuta kwamba siku inayofuata pengo refu ndiyo yenye vifo vingi kuliko siku nyingine, na watu kulazwa kwa maradhi ya moyo vivyo hivyo.

"Pengo refu lao, Mama, ni la siku mbili," akasema, akarudi kwenye mafaili yake.

Mambo mawili hujikusanya katika siku hizo, maji na potasiamu, na yote mawili hupitia jikoni kwangu.

Mtu asiyekojoa, lita moja anayokunywa ni kilo moja anayoiongeza kwenye mizani. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, ule anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Wa mume wangu ulikuwa kilo 60. Nayo mashine ina mwendo ambao haifai kuupita. Wataalamu wengi hushikilia mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Zidisha kwa 60, zidisha kwa saa nne, unapata lita tatu na kidogo. Sasa mtu anakuja na kilo tano. Ama zivutwe zote kwa nguvu, ama arudi nyumbani nazo mbili.

Akirudi nazo, maji hayo hutafuta mapafu. Usiku anakohoa. Anaongeza mto, kisha wa pili, kisha wa tatu, mwishowe analala amekaa. Dukani anauziwa dawa ya kifua. Nimewaona watu watatu katika mtaa mmoja wakinywa dawa ya kifua kwa maradhi ya moyo, na mmoja wao alikuwa amepewa pampu ya pumu.

Zikivutwa kwa nguvu, nako nimekuona. Anaanza kupiga miayo. Halafu mguu unakaza, uso unabadilika rangi, presha inashuka, mashine inalia, na sista anakilaza kiti na kumrudishia maji kwa dripu. Sisi tuliita hilo "kuanguka presha" na tukalichukulia kuwa adha ya kawaida. Kumbe moyo ulikuwa ukiumia. Christopher McIntyre na wenzake kule Derby, Uingereza, waliwapima wagonjwa kwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, wakiwa wangali kwenye mashine, wakaona sehemu za ukuta wa moyo zimezubaa, hazisukumi, kwa kuwa damu inayoufikia msuli imepungua. Hali hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki, baadhi ya sehemu hizo hazirejei kazini. Na huwapata hata watu ambao mishipa yao mikubwa ya moyo haijaziba.

Njia moja iliyopendekezwa ni kuyapoza kidogo maji ya dawa yanayopita ndani ya mashine, mishipa ibane, presha isianguke. Mume wangu aliichukia. Alijifunika blanketi katika joto la Mombasa la Februari, akimsihi sista apandishe, naye sista akikataa kwa faida yake. Mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliohusu wagonjwa zaidi ya 15,000: kuyapoza maji kwa wagonjwa wote hakukupunguza vifo vya moyo, ila kuliwaongezea kuhisi baridi. Angekuwa hai angeukata ukurasa huo akautia fremu, akautundika juu ya cherehani.

Kuhusu kilo, aliyenifunza ni sista mmoja mtu mzima, wa kutoka Lamu. Nyumba nyingi humfungia mgonjwa maji, zikampimia kwa kikombe, zikafunga friji kwa kufuli, na ndoa zikaingia vita. "Mama, usihangaike na gilasi," aliniambia. "Hangaika na chumvi. Mtu mwenye chumvi mwilini, hata ukimfunga kamba atakunywa." Basi papa mkavu akatoka jikoni, na ng'onda, na achari, na vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Asiye wa pwani hawezi kuelewa ni talaka ya namna gani kumtoa papa mkavu jikoni. Tulibaki na ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili. Kilo za Jumanne zikashuka kutoka nne na nusu hadi mbili na kitu, na bila ugomvi, kwa sababu kiu yenyewe ilipungua. Jambo moja tu nilitilie mkazo: kuna chumvi inayouzwa kwa watu wa presha, na aina nyingi za chumvi hiyo zimetengenezwa kwa potasiamu. Mwenye figo nzima huenda ikamfaa. Mtu wa mashine inaweza kumwua.

Potasiamu ni adui wa namna nyingine. Maji unayaona, yanavimbisha miguu, yanasoma kwenye mizani. Potasiamu haionekani wala haiumi. Ndiyo inayosaidia kuendesha umeme wa moyo, na kazi ya kuitoa ya ziada ni ya figo. Ikijaa, moyo unapoteza mpangilio wake, unapungua mwendo, na unaweza kusimama bila kwanza kulalamika.

Pwani dafu ni dawa. Mkojo ukichoma, dafu. Homa ikipanda, dafu. Figo je? Dafu, tena kwa kusisitizwa, kwa kuwa kila mtu ameshasikia kwamba maji ya dafu husafisha figo. Shangazi yake mume wangu alitoka Msambweni Jumapili moja na kikapu cha madafu, mimi nikiwa harusini. Gilasi moja ya maji ya dafu huweza kuwa na potasiamu ya ndizi nzima. Yeye alikunywa dafu zima, kisha la pili, kwa mapenzi matupu ya shangazi, siku mbili baada ya mashine. Niliporudi magharibi aliniambia miguu haimbebi. Hakuwa na maumivu. Miguu tu ilikuwa mizito, na nilipomshika kifundo cha mkono mapigo yalikuwa ya mtu aliyelala usingizi mzito.

Tulivuka feri usiku ule. Daktari wa zamu, kijana mdogo ambaye dua zangu zinamfuata mpaka leo, alimfunga nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, akaitazama ile karatasi, akanionyesha mawimbi yaliyochongoka. Hakungoja majibu ya maabara. Alimchoma kalsiamu kwanza. Kalsiamu haitoi potasiamu hata chembe. Kazi yake ni kuukinga moyo kwa muda. Ikafuata insulini pamoja na glukosi, ya kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Wakati huo huo sista wa mashine alikuwa ameshapigiwa simu aje kutoka kwake. Majibu yalipofika yalisoma 7.8, na ya kawaida haivuki 5 na nukta.

Shangazi sikumgombeza. Ila tangu siku hiyo, mgeni aliyefika kwangu na dafu alilinywa mwenyewe, amekaa kibarazani, mimi nikimtazama.

Mchicha niliukata mdogo mdogo, nikauloweka, nikauchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, ndipo nikaupika. Muhogo vivyo hivyo, na viazi. Supu yake hainywewi, maana potasiamu imehamia humo. "Mchicha huu umeoshwa mpaka unataka sanda," alisema mume wangu, na hakukosea, lakini aliula.

Ramadhani ndiyo iliyokuwa mtihani. Sheikh alimwambia waziwazi kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona halazimiki kufunga, atoe fidia, amlishe maskini kwa kila siku. Alikubali. Futari hata hivyo aliikalia pamoja na wajukuu kila jioni, na hapo mbele pana tende, pana sharubati ya ukwaju, pana ndizi za nazi, yaani potasiamu imetandikwa mkekani kutoka pembe hadi pembe. Tulikubaliana tende moja. Kilichonishinda si futari, ni Idi. Kumi la mwisho ndilo la wateja wa kanzu, na fundi wa kanzu asiyemaliza kanzu za Idi hana jina tena. Basi akawa anaomba atolewe kwenye mashine kabla ya wakati. "Sista, nitoe, nina mikono ya kanzu haijaungwa." Anapewa fomu ya kutia sahihi kwamba ametoka kwa hiari yake. Saa moja ukiikata katika nne umekata robo ya matibabu, na maji yaliyobaki inabidi yavutwe siku nyingine kwa haraka zaidi. Ningeambiwa nichague jambo moja la kuwapigia kelele wagonjwa, ningeiacha chumvi, ningeacha hata madafu, nikaishika fomu ile.

Habari ya moyo tuliletewa rasmi na upandikizaji. Ndugu yake alijitolea figo, ukoo ukachanga, na kabla ya kitu chochote hospitali ikataka mgonjwa apimwe moyo. Eko ilionyesha ukuta wa chumba cha kushoto umenenepa, na nguvu ya kusukuma imebaki asilimia 35, ilhali moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Upasuaji ukaahirishwa. Shemeji zangu walikasirika: tumechangia figo, mnatuletea moyo!

Daktari alitueleza kwa subira. Presha hulazimisha msuli wa moyo kufanya kazi nzito, nao unanenepa. Maji ya ziada yanautanua. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuamuru damu itengenezwe, kwa hiyo damu inapungua na moyo unakimbia kufidia. Zile sindano za kuongeza damu tulizokuwa tukiziruka mwezi bima inapochelewa zilikuwa za moyo pia. Hata fistula ya mkononi, mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, ile niliyokuwa nikiigusa nikasikia inavuma, hupitisha damu nyingi inayorudi moyoni upesi. Mambo haya huanza kabla ya mashine: katika uchunguzi wa Kanada wa miaka ya 1990, karibu robo tatu ya walioanza kusafishwa damu walikuwa tayari na moyo ulionenepa.

Halafu fosfeti. Mume wangu alijikuna usiku mpaka shuka zikawa na alama, na tulidhani ni ngozi. Fosfeti iko kwenye dagaa, maziwa, maini, soda nyeusi. Mashine huitoa kidogo tu, na vile vidonge vikubwa vya kuizuia havifai kitu visipomezwa pamoja na chakula. Ikizidi, hushikana na kalsiamu na kwenda kutua kwenye kuta za mishipa na vali za moyo, ikawa chokaa. William Goodman na wenzake huko Los Angeles waliikuta chokaa hiyo mwaka 2000 katika mishipa ya moyo ya vijana wa mashine walio na miaka ishirini na kitu, umri ambao mtu hana haki ya kuwa nayo. Huenda ndiyo maana pia dawa za kushusha kolesteroli, zilizookoa mioyo mingi duniani, zilipojaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa wa mashine wenye kisukari, matokeo ya 2005 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Moyo wa mtu wa mashine hauharibiki kwa njia ile ya mafuta peke yake.

Na jambo hili ni kongwe sawa na tiba yenyewe. Mtu wa kwanza kuishi miaka kwa mashine alikuwa Clyde Shields, fundi mitambo wa kampuni ya Boeing huko Seattle. Daktari Belding Scribner alimwekea mirija ya Teflon mkononi Machi 1960, ili mishipa isitobolewe upya kila mara, na kwa mirija hiyo ugonjwa uliokuwa ukiua kwa wiki chache ukawa wa miaka. Shields aliishi mpaka 1971. Alikufa kwa moyo. Miaka mitatu baadaye madaktari wa mji huo huo waliwaandika wagonjwa wao wa kwanza katika jarida la kitabibu, wakionya kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yanawaua kabla ya wakati. Yaani mwaka 1974 lilishajulikana, na mimi nimelijua kwenye korido, kwa kupanga simu za msiba.

Upandikizaji ulipokwama nilitoa shauri ambalo lilinipa maadui. Fedha za upandikizaji zilikuwa zimekaa benki. Nikasema zilipie mashine ya tatu kila wiki, Jumapili, tulivunje pengo. Bima ilikuwa ikilipa Sh9,500 kwa kila mara, kwa mbili zake. Ya tatu ingekuwa juu yetu. Shemeji mkubwa aliniuliza kama nataka kumwaga pesa za ukoo kwenye bomba. Kwa hesabu ya pesa alikuwa na haki yake: upandikizaji una mwisho, mashine haina. Nilimwonyesha barua ya daktari iliyosema kwamba huko Amerika Kaskazini, katika utafiti wa mwaka 2010, wagonjwa waliosafishwa damu mara sita kwa wiki badala ya tatu walipungukiwa na unene wa moyo. Hakuisoma. Aliyekubali ni yule ndugu mwenye figo, na kwa kuwa figo ni yake, neno lake likapita.

Mito ilipungua kutoka mitatu hadi mmoja. Kuanguka presha kulikuwa kwa kila wiki, kukawa kwa nadra, maana sasa hakukuwa na kilo za kuvutwa kwa nguvu. Dawa za presha zikapunguzwa. Eko ya mwaka uliofuata ilisoma 45, na mazungumzo ya upandikizaji yakaanza tena, kisha 2020 ikaja na korona, feri ikawa ya barakoa na hofu, na upasuaji usio wa dharura ukasimamishwa. Alifariki mwaka uliofuata, asubuhi ya Alhamisi, amekaa kwenye cherehani. Alhamisi, siku ambayo hesabu zangu zote hazikunifunza kuiogopa. Daktari alisema umeme wa moyo. Moyo ulionenepa ukibakiwa na makovu unaweza kukatika mapigo siku yoyote, hata potasiamu ikiwa sawa. Shemeji mkubwa hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia kwamba miaka ile miwili na ushei aliyoishi akipumua vizuri ndiyo iliyonunuliwa na pesa za bomba.

NHIF imeondoka, imekuja bima mpya ya SHA. Wanawake wa mtaani hunijia. Wengi huja na swali la lishe, lita ngapi, ndizi au si ndizi. Mwezi uliopita alikuja mmoja Jumapili baada ya adhuhuri, mume wake ni dereva wa tuktuk, ana miezi michache tu tangu aanze. Aliuliza kama maharagwe yanaruhusiwa.

Nilimwuliza mume wake analalia mito mingapi.

"Halali," akasema. "Anakaa kwenye kiti mpaka asubuhi. Anasema ni kifua. Lakini mashine ni keshokutwa."

Nilivaa buibui. Tulimtoa kwenye kiti, tukampakia kwenye tuktuk yake mwenyewe, ikaendeshwa na jirani, na feri ya saa tisa tukaiwahi.